Mshale Uliposhuka

Lodwar, Alhamisi, Februari 1976

Upepo umeanza mapema leo. Mchanga umeingia kwenye chai, umeingia kwenye shuka, na nikitafuna mkate nausikia menoni. Siku nyingine ningeulalamikia huu upepo mpaka jioni, maana mimi ni mtu wa kulalamika, mke wangu kule Bungoma ni shahidi. Leo sina hata hamu.

Gari la wagonjwa limekufa. Liko barabarani, katikati ya hapa na Kakuma, na dereva wake ni mimi.

Tangu jana watu wananipa pole. Pole, Wekesa, gari ni chuma tu. Halafu wananipa na hongera, kwa sababu mgonjwa alifika. Nikisikia hiyo hongera natamani kuingia chini ya kitanda.

Niandike ilivyokuwa, labda moyo utatulia.

Jana asubuhi tulitoka Kakuma, mimi na Sista Akiru, muuguzi wetu, binti wa Kiturkana asiyeogopa mtu. Nyuma tulimlaza mama mmoja wa Lopur aliyeshikwa na uchungu tangu juzi, na mtoto hatoki. Mumewe alitaka kuja, lakini mbuzi angemwachia nani? Akashika mlango wa gari, akaniambia, "Dereva, wewe peleka bibi yangu pole pole, lakini haraka."

Sista alicheka. Mimi nilimwelewa kabisa.

Hapa kazini mimi ndiye bingwa wa dashibodi. Dereva mpya akija, analetwa kwangu. Nasimama mkono kiunoni, namsomesha. Taa ya chaji ikiwaka, simama uangalie mkanda wa feni. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, hakuna mjadala, zima injini hapo hapo, hata kama umembeba mkuu wa wilaya. Na ile geji ya joto, mshale ukipanda hadi kwenye nyekundu, egesha, ngoja ipoe, ndipo uongeze maji. Kwamba hata mshale unaoshuka una lake la kusema, sijawahi kumwambia mtu. Mwenyewe sikujua.

Mshale ulianza kupanda tulipovuka laga, ule mto wa mchanga mtupu. Nikaegesha, nikangoja, nikaongeza maji, tukaondoka. Ukapanda tena. Mama analia nyuma, Sista anambembeleza kwa Kiturkana, na mimi macho yangu yako zaidi kwenye geji kuliko barabarani. Mara, ghafla, ukashuka. Ukaanguka hadi chini kabisa, kwenye baridi, kama vile gari halijawashwa tangu jana.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mbele kidogo tukamkuta bibi kizee mmoja na wajukuu zake wawili, wasichana. Alikuwa ameinua sufuria tupu. Huku hakuna anayempita mtu anayeomba maji, hata awe na haraka ya namna gani. Nikasimama. Sista akamsalimu, "Ejok," wakazungumza kidogo, kisha akanigeukia.

"Wekesa, hawa iko na kiu sana. Na nyumbani watu ingine nangoja. Gari yako iko sawa?"

"Iko sawa, sista. Si unaona geji mwenyewe?"

Maji ya kunywa ya mgonjwa yalikuwa kwenye chupa. Mimi nikashusha debe la maji ya rejeta, nikawaachia lote, na debe lenyewe. Mvua imekataa, visima vimekauka, na mimi nagawa maji kama tajiri. Wasichana walikunywa kwanza. Bibi akajitwika debe kichwani kabla ya kuonja, akaanza safari ya kurudi kwao. Nilijiona mtu mwema sana. Nakumbuka hata nilipiga mluzi.

Hatukufika mbali. Gari likaanza kuishiwa nguvu, ikaja harufu ya chuma kilichoungua, na taa nyekundu ya oili ikawaka. Kabla sijatimiza somo langu mwenyewe la kuzima, injini ilijifunga ikazimika. Nikafungua boneti. Mpira wa chini wa rejeta umepasuka, na ndani hakuna tone.

Nilikata kipande cha tyubu nikaufunga ule mpira. Kilichobaki kilikuwa maji. Nikatazama nyuma, na bibi yule alikuwa bado anaonekana, debe kichwani, wasichana nyuma yake. Hapo mama wa Lopur akapiga ukelele ambao sijui kama utanitoka masikioni.

Nikakimbia.

Sikumsalimu. Sikumwomba. Nililivuta lile debe kichwani mwake kwa mikono miwili hadi akayumba, na msichana mdogo akaanza kulia. Nikageuka nalo mbio. Nilikuwa na hofu kweli, lakini hofu haikunifunga mdomo. Kusema tafadhali, mama, kungenichelewesha nini?

Na hata hivyo ningengoja. Injini ikichemka haipewi maji baridi, hilo nawafundisha watu kila mwezi. Lakini yule mama alikuwa analia, nikamimina. Nikasikia tak! Chuma kikapasuka, maji yakachuruzika ubavuni mwa injini, yote, yakaingia mchangani.

Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa amefika. Alitazama pale palipolowa, na palikuwa pameshaanza kukauka. Akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nikamgeukia Sista Akiru.

"Anasemaje? Ananilaani?"

"Hapana," Sista akasema. "Anasema wewe nakimbia bure. Kama ungeomba, yeye angekupa."

Kama ningeomba, angenipa.

Halafu bibi akaweka sufuria yake chini, akapanda nyuma ya gari, akamshika yule mama mgongoni. Hakushuka mpaka lilipokuja lori la mfanyabiashara lililotoka Lokichoggio na ngozi. Sijui angekuwaje yule mama bila ile mikono, maana Sista peke yake alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye gurudumu kama mzigo.

Dereva wa lori alimjazia bibi sufuria yake. Maji ya kujaza debe hakuwa nayo, safari bado ilikuwa ndefu na sasa alikuwa na mgonjwa. Akaniuliza swali moja tu, "Mshale ulishuka taratibu au ghafla?" Nikamwambia ghafla. Akatikisa kichwa. Geji inapima maji yanayoigusa, akasema. Maji yakiisha kabisa haina cha kupima, inaanguka, na wewe unafikiri umepona.

Mtoto amezaliwa hapa hospitalini, msichana, mzima. Mama yake ni dhaifu lakini ameshakunywa uji. Nafurahi, kweli nafurahi. Nimekwenda kuwaona asubuhi nikasimama mlangoni, nikashindwa kuingia.

Mkubwa wangu wa kazi ameniita ofisini. Ameniuliza geji ilikuwa inasema nini. Nimemwambia ilikuwa chini. Akasema basi mimi sina kosa, na akaniambia nikapumzike. Hakuuliza jambo lingine. Nilitoka pale nimesafishwa kabisa, na sijawahi kujisikia mchafu hivi.

Injini itafunguliwa, itapigwa welding au itatupwa, hayo ni ya mafundi. Kinachonila ni ile mikono yangu kwenye debe. Siku zote nimejihesabu mtu mpole. Kumbe nilikuwa sijabanwa tu.

Na wale waliokuwa wanangoja nyumbani? Walimwona bibi akirudi na sufuria moja. Aliwaambia nini?

Kesho asubuhi lori linakwenda kulivuta gari, nami nimeomba niende. Nimechota maji mtoni Turkwel, nimejaza debe, nimelifunika kwa kitambaa lisiingie mchanga. Sista Akiru amelitazama akaniuliza, "Hiyo napelekea nani, Wekesa? Watu ya mbuzi hawakai mahali moja. Na jina yake wewe naijua?"

Siijui. Sikumuuliza.

Debe liko mlangoni, limejaa mpaka juu.