Panzi wa Upande Uliolimwa

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Mumeo bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mzima. Meno yamebaki ya kuhesabika, lakini ulimi haujapungua hata kidogo.

Najua wifi yako kishakupigia simu kukwambia eti kaka yako kaumbuliwa na panzi. Mwongo! Fundi baiskeli naye anatangaza kwamba nililia. Mwongo mara mbili! Hadithi hii wote wanaiharibu. Kaa chini, uipate kwa mwenyewe.

Unalijua lile eneo la majani alilotuachia baba, wewe na mimi. Ng'ambo ya barabara wote wameshalima mahindi, limebaki letu tu. Mwenye trekta akaja na karatasi, anataka tumkodishe alime. Mimi nikaona neema hiyo imeshuka.

Wiki ileile akaja binti mmoja, mtaalamu wa wadudu, mwembamba kama fagio, kofia kubwa kama sinia. Akasema anataka kujua wadudu wanakuwaje majani yakigeuzwa shamba. Akikuta pande zote mbili sawa, ataandika kwamba kulima hakudhuru. Akatafuta mtu wa kupunga wavu. Unadhani alimpata nani? Unatembea hatua mia, unafagia majani kushoto na kulia, kisha unakung'utia kwenye chupa. Alisema hajapata kuona mkono kama wangu. Kwa kweli alisema nisimvunjie mpini, lakini sifa zilikuwamo humo ndani.

Jioni akamwaga chupa ya upande wetu juu ya kitambaa cheupe, akanipa kioo cha kukuzia. Mdogo wangu, niliinama mpaka pua ikagusa kitambaa! Mimi! Kulikuwa na dundu anayeng'aa kama mafuta yaliyomwagika majini. Kulikuwa na vunjajungu mwembamba kama sindano yako ya cherehani, na nyigu mdogo kuliko punje ya chumvi, naye ana kiuno, ana macho, ana mabawa yenye mishipa kama jani. Miaka sabini napita pale, nikidhani nakanyaga majani tu. Binti akahesabu aina sitini na nne. Akasema kila mmoja ana kazi yake: huyu anazika mavi ya ng'ombe, yule anabeba chavua, mwingine anakula viwavi.

Upande wa mahindi wadudu walijaa pia, usidhani. Ila walikuwa viwavi na sisimizi, sura moja, kama kiwanda kimoja kimewatoa. Aina tisa tu. Na mmoja wa kumi, panzi mnene wa rangi ya majivu.

Huyo ndiye aliyemfanya binti avue kofia. Akamgeuza, akamgeuza tena. Akaniuliza kwa adabu zote, babu, huyu hana mabawa na hali kitu ila majani ya asili, amevukaje barabara ya lami na mahindi yote yale? Nikamjibu labda kapata lifti. Hakucheka.

Basi nikwambie wewe peke yako. Nilimtia mimi. Nilichota wadudu wa chupa yetu ili nijazie ile ya mahindi, pande zifanane, trekta lije. Wenzake waliruka wakaniponyoka. Yeye akabaki ameshika kidole changu kwa miguu yote sita, hana pa kurukia. Nilipoungama, binti hakunifokea. Alisema tu kwamba majani yakilimwa, panzi huyu hahami. Anaishia palepale. Usiku huo sikulala, na nikamfuata mwenye trekta, nikamfukuza kwa fimbo mpaka akaacha kiatu kimoja.

Wasalimie wote, mjomba mwenye masikio makubwa nisalimie mara mbili, moja kila sikio. Mume mwambie alale ubavu.

Hiyo ya fimbo nimeibuni. Kile kiatu pia. Karatasi nilikuwa nimeshaiwekea dole gumba siku ileile ya kwanza, na mwenye trekta ndiye anayekuletea Jumamosi, imebaki sahihi yako tu. Mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu bila kukutania. Usitie.

Ni mimi kaka yako,
mpunga wavu