Dawa za Usingizi Zilizokuja kwa Soksi

Kabiria, Nairobi.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Nzioka,

Habari za Kanada? Baridi inasemaje na huo upara wako? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalia kama mlango wa choo. Basi, salamu zimetosha. Nimekukasirikia.

Unajua shemeji yako Ndunge alivunjika nyonga na akapewa vidonge vikali vya maumivu. Hospitali ilituonya: kabla ya kuongeza dawa yoyote, ulizeni. Yeye akakulalamikia kwa simu kwamba halali. Na wewe, uliyepelekwa shule ya bweni mimi nikibaki na mbuzi, ukamgawia dawa zako mwenyewe za usingizi! Ukazitoa kwa boksi ili mzigo wa Joyline, aliyekuwa akija huku, usizidi kilo za ndege, ukazifunga kwa soksi. Hata jina la dawa halikusafiri.

Shemeji yako akameza ya maumivu, akafuatisha ya soksi. Jumapili moja baada ya chakula nikamsikia anakoroma vibaya, kama maji yanayoshuka kwa sinki. Nikamtania, "Mama, utaamsha majirani!" Kimya. Nikamfinya, nikamtingisha. Midomo imegeuka rangi. Pumzi moja, halafu unangoja. Unangoja. Nzioka, nilingoja pumzi ya mke wangu kama mtu anayengoja stima irudi.

Jirani yetu Sifuna akatukimbiza na pikapu hadi hospitali Upper Hill, mbuzi wake wa kuuza Dagoretti wakipiga kelele huko nyuma. Ndunge akadungwa sindano, akafungua macho.

Dokta Sejal, kasichana tu, akashika vidonge nilivyobeba, akaniuliza, "Mzee, hizi zimetoka wapi?"

"Kwa soksi."

Hakucheka. Akasema dawa ile ya maumivu inalegeza pumzi, ya usingizi nayo inalegeza. Zikikutana, mtu anasahau kupumua. "Na pombe vilevile," akaongeza, akiniangalia mimi. Kwani nafanana na chupa?

Sasa Ndunge yuko nyumbani, na unajua ananiambia nini? "Mwandikie Nzioka asante, alinifikiria." Siandiki! Ukitaka alale, mpigie simu umsimulie theluji yako. Hiyo inalaza na haiui. Vidonge vilibaki hospitali. Soksi naivaa, mguu mmoja.

Salamu kwa Beryl na watoto. Dada yetu Mukai anakusalimia, naye ana hasira kunishinda. Mungu akulinde, na akuongezee akili kidogo.

Ndunge siku hizi analala vizuri bila dawa zako. Mimi ndiye silali. Namsikiliza akipumua.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Kakako Makau