Mzee Fiftini na Mistari ya Bendera

Mpendwa Baba,

Nimefika. Niko hapa nyumbani Kathiani, nimeketi kwa meza yako ya kulia, na Mama amejilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Nimechelewa wiki tisa. Udongo wako umeshakauka na kupasuka, na mtu amepanda maua ya njano pale kichwani bila kuuliza kama wewe ulikuwa mtu wa maua. Nilipandisha hasira, si unanijua, halafu nikaambiwa aliyeyapanda ni Mama mwenyewe. Nikayamwagilia maji.

Sababu ya kutokuja kukuzika unaijua. Makaratasi. Kwa miaka kumi na moja nilikupa jibu hilo hilo: makaratasi hayajatoka, Baba, nikitoka Marekani sasa hivi sitarudi tena. Yalitoka mwezi mmoja baada ya wewe kuanguka shambani. Siku ya mazishi nilikuangalia kwa simu ya binamu yangu Muthoka, nimejifungia ndani ya stoo pale kazini, na walipofika mahali pa kukushusha, mtandao ukapotea. Mtandao uliporudi, watu walikuwa wanakula. Niliona sahani za wali, nikaona mtu anacheka na kitambaa mkononi, nikamtukana Muthoka mpaka akazima simu. Hajanisamehe bado, na mimi sijamwomba msamaha.

Lakini si mazishi yaliyonifanya nishike kalamu. Ni ile chemsha bongo yenu ya Jumamosi pale baa.

Niliposhuka mjini Machakos Alhamisi na masanduku yangu mawili, mama mmoja anayeuza maparachichi alinitazama sana, akasema, "Wewe si mtoto wa Mzee Fiftini?"

Nikamwambia amenifananisha. Nikamtajia jina lako, jina la kanisa lako, mpaka jina la mlima tunaokaa chini yake.

"Ni huyo huyo," akasema. "Pole sana, mama. Fiftini alikuwa mtu mzuri."

Nilipanda kuja nyumbani nikiwa na hilo jina kichwani. Nikamuuliza Mama, akajifanya anatafuta chumvi. Asubuhi yake nikaenda kwa Kioko fundi wa viatu, rafiki yako, yule mliyekuwa mnaketi naye meza moja pale baa. Nilimwambia kabla hata ya kumsalimu: "Mzee, nani amempa baba yangu jina la kuitwa sokoni kama mlevi?"

Kioko aliweka kiatu chini. Akaniambia, "Kaa kwanza, Mwaitu."

Aliniita Mwaitu, Baba. Hilo jina la mama ulikuwa unaniita wewe peke yako, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na kwako mimi nilikuwa mama kabla sijaota meno. Kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine kulinivunja nguvu. Nikakaa.

Nakumbuka jinsi ulivyonieleza habari za hiyo baa mwanzoni, kwa aibu ya mzee wa kanisa aliyefumaniwa. "Mimi nakunywa soda tu," ulisema, na sikuwa nimekuuliza unakunywa nini. Jumamosi saa nane mchana, meza sita, watu wawili kila meza, mbuzi wa mwisho wa mwezi kwa washindi. Mwalimu Ndunge anasoma swali kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Anayejibu lazima asimame, na jibu likishatoka ukiwa umesimama halirudi tena mdomoni. Sheria hiyo uliipenda sana. Ulisema ingefaa pia kanisani kwenye mikutano ya maendeleo.

Na maswali yote, Baba! Ndunge alikuwa anayatoa kwenye mtandao, kwa hiyo yote yalikuwa ya Wamarekani: sinema zao, vita vyao, marais wao, waimbaji wao na waume waliowaacha. Mutiso mwenye bucha alikuwa analalamika kila wiki, "Kwani hakuna swali hata moja la hapa kwetu Masaku?" Hakuna. Wazee wa Ukambani mkakaa hapo mkijadili nani alikuwa rais Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, na ng'ombe wanangoja maji nyumbani.

Ulinichekesha sana na lile swali la sinema. Ndunge aliuliza jina la polisi fulani katika filamu ya zamani, ukaruka juu kwa furaha kwa sababu hiyo filamu uliiona mara nne ukiwa kijana, katika kile chumba cha video nyuma ya soko. Ukasema kwa sauti, "Anaitwa Mutinda!" Kumbe miaka yote hiyo hukujua kwamba jamaa aliyekuwa akiwatafsiria filamu humo chumbani alikuwa akiwapa wazungu majina ya Kikamba ili watu wafurahi. Baa nzima ilianguka kwa kicheko. Na wewe ulicheka kuliko wote, ukawaambia, "Haya, nimekosea, lakini kwangu ataendelea kuwa Mutinda." Ulikuwa mtu wa kukubali kosa mapema na kuendelea na soda yako. Ndiyo maana nilichoambiwa na Kioko sikukielewa hata kidogo.

Ulikuwa unanipigia kila Ijumaa jioni yako, asubuhi yangu. Swali moja. "Mwaitu, mimi najiandaa na kesho. Huko wana majimbo mangapi yanayoanza na herufi M?" Nilikuwa napokea simu nikiwa nimeibana kwa bega, mikono imeshika mtu. Nilikuambia mimi ni nesi, na ukawaambia watu wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa naosha wazee. Nawageuza, nawapangusa, nawalisha uji wao. Nilikuwa nakujibu haraka haraka, mengine nayajua, mengine naotea. Unafikiri nilikuwa na muda wa kujua majimbo? Kuna siku nilikuambia, "Baba, ni moja tu, eh? Niko na kazi." Ukasema, "Moja tu, Mwaitu." Ukashukuru kana kwamba nimekupa kitu.

Ijumaa ya bendera naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilikuwa namvalisha soksi bibi mmoja mkali ambaye alikuwa anaita polisi kila nikimgusa. Ukauliza, "Ile bendera yao, Mwaitu, nyota ni hamsini, hiyo tunajua. Mistari ni mingapi?"

Baba, bendera hiyo ilikuwa langoni pale kazini. Nilikuwa napita chini yake kila asubuhi, na pale nilipokuwa nimepiga magoti ningeiona kwa dirisha kama ningegeuza tu shingo. Sikugeuka. Nikasema, "Kumi na mitano. Haya, nitakupigia." Na sikukupigia.

Kioko akanieleza ya kesho yake. Ilikuwa Jumamosi ya mbuzi. Mlikuwa mmefungana na meza ya Mutiso, limebaki swali moja, na Ndunge akauliza mistari ya bendera. Si ajabu, ndiyo maswali yao. Kioko alitaka kusimama, wewe ukamwekea mkono begani na kusimama mwenyewe.

"Fiftini," ukasema.

Ndunge akakutazama. Akakuuliza kama una uhakika, jambo ambalo kwa sheria hafai kuuliza. Ukasema tena, "Fiftini. Mtoto wangu anapita chini ya hiyo bendera kila siku. Nyinyi mnasoma karatasi."

Wakakuonyesha kwa simu. Wakakuhesabia, mmoja mmoja, mpaka kumi na mitatu. Mutiso akakuonyesha picha nyingine, kubwa zaidi. Wewe ukakaa, ukanywa soda yako, ukasema hizo picha ni za zamani. Mbuzi akaenda kwa Mutiso, na wewe ukabaki na jina. Walikuita hilo jina sokoni, kwa kinyozi, mpaka nje ya kanisa. Mwaka mzima na miezi. Ijumaa iliyofuata ukanipigia ukaniuliza habari ya mto mrefu, sauti yako vilevile, hukunitajia neno.

Nililia kwa Kioko, na nilipomaliza kulia nikamfokea. "Wewe ulikuwa unajua jibu? Mbona ulimwacha?"

"Nilimvuta shati," Kioko akasema. "Nikamwambia, Mzee, ni thatini, tuliandika. Akaniambia, 'Nyamaza, Kioko. Mtoto amesema.'"

Tuliandika? Nikamuuliza waliandika wapi. Akaingia ndani akatoka na daftari lako, lile la kurasa mia mbili lenye jalada la buluu. Ulimwachia alitunze kwa sababu Mama hakutaka vitabu vya baa karibu na Biblia. Kurasa zote ni mwandiko wako wa kulala upande mmoja. Marais wote kwa mpangilio. Majimbo yote na miji yake. Mistari kumi na mitatu, na chini yake makoloni kumi na matatu ambayo mistari hiyo inayawakilisha, yamepangwa vizuri kuliko hesabu za sadaka. Nikatafuta majimbo yanayoanza na M. Yalikuwepo, manane, yamepigiwa mstari. Mto mrefu ulikuwepo. Hakuna hata swali moja ulilowahi kuniuliza Ijumaa ambalo hukuwa na jibu lake tayari.

Nilikasirika na wewe, Baba. Lazima nikuambie. Nilitembea kutoka kwa Kioko mpaka stendi nikikugombeza kwa sauti, watu wananipisha njia. Kama ulijua, uliniuliza kwa nini? Ulikuwa unanipima? Na kama ulijua nimekosea, si ungenirekebisha tu, nikacheka, yakaisha?

Jana ilikuwa Jumamosi. Nikaenda. Mama hakunizuia, alinipa tu leso nijifunge, ati niende kwa heshima. Walikuwepo wote, na meza yenu Kioko ameketi peke yake. Nilimwomba Mwalimu Ndunge dakika moja kabla hajaanza. Nikasimama, kama sheria yenu inavyotaka.

Nikawaambia: "Mimi ndiye binti wa huyo mnayemwita Fiftini. Lile jibu lilikuwa langu. Baba yangu alijua ni kumi na mitatu, ameandika hapa, njooni mtazame. Mimi ndiye niliyekuwa chini ya bendera na sikuhesabu. Mkitaka kumpa mtu hilo jina, nipeni mimi."

Hakuna aliyekuja kutazama. Mutiso akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tulikuwa tunamtania tu."

"Na yeye alikuwa anacheka?" nikamuuliza.

Akageukia chupa yake. Ni Mwalimu Ndunge aliyejibu. Alisema wewe hukuwahi kukasirika, isipokuwa siku moja tu. Kuna mtu aliropoka kwamba labda huyo binti hayuko Marekani, labda yuko Mombasa anadanganya watu, ndiyo maana haji nyumbani na hajui bendera. Ndunge akasema uliinuka ukaenda kukaa nje juani mpaka chemsha bongo ikaisha. Kisha akaniambia jambo lingine, bila kujua ananiambia nini. "Mzee alikuja hapa mara ya kwanza Agosti ya ule mwaka wewe ulipoondoka. Aliniomba maswali ya Marekani, nimwandikie mengi. Nilifikiri anataka mbuzi."

Agosti. Nimekaa na huo mwezi tangu jana, Baba, na sasa nimeelewa.

Niliondoka Mei. Mwezi wa Julai ulinipigia, hakukuwa na mambo ya maswali wakati huo. Ulisema kwa Kikamba, "Mwaitu, wi museo?" Uko mzima? Basi. Na mimi nililia. Nililia kama dakika kumi, sikusema neno, na wewe ukiwa upande wa pili unapumua tu. Nilikusikia ukijaribu kuanza sentensi mara mbili na kuziacha. Mwishowe ukasema, "Haya, Mwaitu. Haya." Simu ikakatika, na sijui hadi leo kama ni salio lilikwisha au ni wewe uliyekata.

Hukuniuliza tena. Kwa miaka kumi na moja hukuniuliza tena kama niko mzima. Kuna siku nilihesabu hilo kama ubaridi wako. Nilimwambia rafiki yangu kazini, "Baba yangu anajali mchezo wake wa baa kuliko mimi." Naomba unisamehe kwa sentensi hiyo kabla ya zote. Ulienda kwa Mwalimu Ndunge kutafuta maswali ambayo mtoto wako angeweza kuyajibu bila kulia. Ukayajaza daftari zima. Ukawa unachukua moja kila Ijumaa, unanipa, unasikiliza sauti yangu, unajua kutoka kwa hiyo sauti kama nimekula, kama nimelala, kama nimechoka. Halafu kesho yake unaenda baa na chochote nilichokupa, na unasimama nacho mbele ya watu.

Mama ameamka. Nasikia anaita kuuliza kama nimezima jiko. Nitaenda kukaa naye, na kesho nitampigia Muthoka.

Lakini lile swali lako la Julai halijajibiwa, na jibu sasa ninalo. Hapana, Baba. Sikuwa mzima. Hakuna siku hata moja nilikuwa mzima kule, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu nzuri.

Ni mimi binti yako, mama yako,
Mwaitu