Kahawa ya Posa ya Nesrin

Gölcük,
11 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Perihan,

Salamu nyingi zikufikie huko Duisburg, wewe na shemeji na watoto. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika kuwa ngazi zinakutesa. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Kaka yako kikohozi kimemwacha, ila ubishi bado anao.

Habari kubwa ni ya binti yetu Nesrin. Ameposwa! Usininunie kwa kutokupigia simu. Nimetaka uisome kwa raha, na chai yako mkononi.

Kijana anaitwa Tolga. Yumo katika ile manowari mpya ya makombora, ambayo kaka yako Rıfat aliichomelea vyuma vya tumboni kabla hajastaafu. Kazi yake ni kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, macho kwenye skrini, kuyaongoza hayo makombora. Walijuana siku raia waliporuhusiwa kuitembelea meli.

Ungedhani kaka yako angefurahi. Wapi!

"Chuma cha meli ile nakijua," alisema. "Watu wake siwajui."

Nilielewa kinachomuuma. Nyinyi mlikua mkimjua baba yenu kwa picha ya ukutani, mwenyewe yuko baharini, na Rıfat hakutaka Nesrin aishi hivyo. Binti akakonda kwa mawazo. Mimi nikabaki katikati, napika supu isiyonywewa na mtu.

Tolga hana wazazi, na bibi aliyemlea huko Sivas amefariki. Basi aliyekuja kumposea ni kamanda wa meli mwenyewe, Haluk Bey, katika sare nyeupe, na maua na sanduku la chokoleti. Sebule yetu ilionekana ndogo siku hiyo. Rıfat alimkaribisha kwa heshima, lakini uso aliufunga.

Nesrin akapika kahawa. Kikombe cha Tolga akakijaza chumvi, kama ulivyomfanyia shemeji siku yako, tuone kama atakunja uso. Ila kwa haraka yake sinia likamgeukia, na kamanda akachukua kikombe kile kile. Nani angempokonya?

Tolga, maskini, akanywa yake tamu na kusifu. Kamanda akainywa ya kwake mpaka machicha. Macho yakamjaa machozi.

"Vipi kahawa, Kamanda?" akauliza kaka yako.

"Nzuri sana, Mzee Rıfat. Nimejiona niko kazini."

Kisha akaomba maji, akaomba tena. Hapo Nesrin akashindwa kuvumilia.

"Baba, nimemnywesha kamanda wa watu chumvi!"

"Afande!" Tolga akaruka. "Ile ilikuwa yangu!"

"Kaa chini wewe. Ungeinywa, kelele zako zingefika bandarini."

Rıfat akaonja masalio, akayatema kwenye leso, akacheka mpaka nikamgonga mgongo. Alipotulia akamgeukia mgeni.

"Umemeza yote hii ili usimwaibishe binti yangu?"

"Kijana hana baba wa kumsemea, mzee. Leo mimi ndiye. Na nimekuja kumposa binti yako kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake."

"Basi hata huko baharini uwe baba yake. Nesrin nimewapa."

Nililia, wifi, wala sikuona haya. Harusi ni mwezi wa nne, na bila wewe haitafana, kwa hiyo anza kumbembeleza bosi wako mapema.

Jana meli iliondoka kwa miezi mitatu. Nesrin alipunga mkono mpaka ukachoka, akabadilisha wa pili. Kumbe kaka yako alitoka nyumbani na birika la maji ndani ya koti! Meli ilipoanza kujitenga na gati, akayamwaga yote nyuma yake, ili iende na kurudi salama, kama tunavyowamwagia wasafiri mlangoni. Askari wa zamu akacheka.

"Mzee, bahari imepungukiwa maji?"

Akamjibu bila kugeuka, "Cheka tu. Mwanangu yumo mle."

Nisalimie shemeji Bülent, na Ebru na mdogo wake. Nesrin anakubusu mikono. Mungu awalinde ugenini, na atukutanishe sote kwenye meza moja ya furaha.

Wifi yako akupendaye hata ukinichokoza,
Müzeyyen