Baba, Ulikimbiza Pale Penyewe

Mpenzi baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira na wewe, na najua si adabu kumkasirikia marehemu. Mungu akurehemu. Lakini hasira hizi hazijaniondoka tangu wiki iliyopita, na wa kumwambia ni wewe.

Yule mwongozaji wako wa filamu, Mmarekani, amestaafu. Picha zake zote zimewekwa kwenye intaneti, kuanzia ile ya mwanzo aliyoipiga ndani ya nyumba moja tu kwa sababu hakuwa na uwezo wa kukodi ya pili. Nimekaa hapa kwangu Wattaya nikazitazama kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukitaka. Unakumbuka Ijumaa zetu baada ya chakula cha mchana? Mama na chai yake, mimi na Nassor kwenye zulia, wewe na rimoti mkononi, unatutafsiria.

"Huyu hatishi watu kwa majini wala damu," ulikuwa ukisema. "Anakutisha kwa mlango uliofungwa."

Ulimfuata kazi yake yote. Zile picha ndogo za mwanzo, zile kubwa alizopewa waigizaji wenye majina, hata ile miaka alipoharibikiwa na magazeti yakamcheka. Ulisema mwacheni, atarudi. Na kweli akarudi.

Ila kila mwanamume na mwanamke wakianza kusogeleana, ulibonyeza. Mkanda ukakimbia, watu wanatembea kama kuku, na sisi tunatazama zulia. Ukiachia, unatueleza yaliyopita kwa maneno mawili. "Wamezungumza habari za nyumba."

Baba, hawakuzungumza habari za nyumba. Ile picha ya daktari wa meno aliyepotelewa na mkewe, miaka yote hii najua muuaji ni jirani, kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Jumamosi nikamwambia mume wangu mapema kabisa, mwangalie huyo jirani. Jirani hana kosa lolote. Muuaji alikuwa shemeji, dada wa yule mke, na dalili zote zilikuwa pale pale ulipopakimbiza. Ndio ufundi wa yule bwana: anaficha ufunguo pale watu wanapokumbatiana, akijua akili za watazamaji zimekwenda kwengine. Nikatazama nyengine, mambo ni yale yale. Kiwanja, mirathi, nyumba, yote umeyatunga wewe. Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu nilikumbuka vidonda vya tumbo. Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu nilipokuwa nafundisha mbali huko Salala. "Vidonda vya tumbo tu, mwanangu, maliza muhula." Nikamaliza muhula. Nilipofika nyumbani Al Amerat, watu walikuwa wanatoka makaburini. Ulijua wewe kuwa si vidonda, na Nassor akajua. Mimi na mama tukapewa mwisho bila ya katikati. Inaniuma mpaka leo, na inaniuma zaidi kwamba ulifanya kwa mapenzi, maana hata kugombana nawe siwezi.

Na sasa ni mama. Majibu yake yametoka, na ugonjwa ni ule ule wako. Daktari alituita pembeni mimi na Nassor. Tulipoingia garini Nassor akasema, "Tutamwambia ni vidonda vya tumbo."

Sauti yako kabisa. Tuligombana kutoka hospitali ya Qurum mpaka tulipomaliza kupanda mlima wa Al Amerat. Alisema moyo wa mama hauhimili. Nikamwambia moyo wangu mimi nao hakuna aliyeuuliza. Hatujazungumza tena.

Jana alasiri nilikwenda kwa mama peke yangu. Alikuwa anapepeta mchele. Nilishindwa kuanza, nikazungukazunguka, nikamweleza habari za yule mwongozaji, kwamba amestaafu na kwamba muuaji hakuwa jirani. Hakuinua hata kichwa.

"Shemeji," alisema.

"Umejuaje?"

"Nnajua siku nyingi. Nyie mkishakwenda skuli na baba'ako kazini, nlikuwa nkiuweka mkanda nkautazama wote. Mtu mzima atakaaje na nusu ya picha?"

"Na baba hukumwambia?"

"Alikuwa akifurahi kututungia." Akaweka ungo chini, akanitazama. "La tumbo lake nalo nlilijua. Nlimwachia atunge, nkakosa kumuaga. Haya, sema. Daktari kakwambieni nini? Na usikimbize."

Nikamwambia. Niliutaja ugonjwa kwa jina lake, na matibabu, na yale ambayo daktari mwenyewe hana uhakika nayo. Mama alinishika mkono muda mrefu. Alilia kidogo, akaniuliza maswali ambayo mimi ningekuuliza wewe, kisha akaurudia mchele wake kwa sababu ulikuwa na mawe.

Bado nina hasira, baba. Sitakudanganya kwamba zimekwisha, uongo umetutosha. Ijumaa nitakwenda Al Amerat tena. Mimi na mama tutatazama ile picha yake ya mwisho, ambayo wewe hukuiwahi. Nassor nimemwita kwa ujumbe, sijui kama atakuja. Rimoti atashika mama.

Pumzika kwa amani. Ikifika Ijumaa nitakuombea dua kwanza, hasira baadaye.

Ni mimi bintiyo, niliyechoka kutazama zulia.