Usije Kashebere, Papa: Mkutano Utakufuata Butembo

Kashebere, Jumapili baada ya misa

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mke wangu na za wajukuu wako. Goti linaendeleaje? Na Mama, bado anakohoa asubuhi, au asali ya dada Masika imemsaidia? Huku tunaamka wazima, na siku hizi hiyo peke yake ni habari ya kutosha kuanzia barua.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nakujua: neno la simu kwako si neno. Nitaipiga picha karatasi hii nimtumie Masika, naye akusomee. Masika, usiruke mahali.

Nimesikia umeamua kuja mwenyewe kukubaliana na wakulima wa huku Masisi juu ya maharagwe ya msimu huu, na kwamba sanduku limeshafungwa. Papa, nakuomba ulifungue.

Utasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Umetulea na methali hiyo. Lakini nyoka mwenyewe siku hizi amelala barabarani. Toka Sake hadi hapa vizuizi ni vingi kuliko madaraja. Leo wamekaa wenye bunduki hawa, kesho wamekaa wengine, na hakuna atakayejali kwamba wewe ni mfanyabiashara mzee mwenye goti bovu.

Ngoja nikusimulie tulivyofanya na mnunuzi wa Goma. Zamani kuonana naye kulikuwa siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, kwa mazungumzo yasiyomaliza chupa ya soda. Safari hii alitaka tuonane kwa simu. Nikawaambia wakulima kila mtu abaki kwenye kilima chake, saa nne afungue simu. Saa nne nafungua mlango wa depo ya maharagwe, nawakuta wote wamesimama nje na makoti ya kanisani, viatu vimejaa matope. Walikuwa wametembea toka alfajiri, kwenye njia ileile niliyotaka kuwaepusha nayo. Nilikasirika, Papa, nikapaza sauti mbele ya wazee, jambo ambalo hukunifundisha. Papa Bauma, kiongozi wao, akanijibu polepole:

— Kambale, mutu mwenye anabakia kwake wakati benzake banakutana, iko na kisirani nabo. Tungebakia, ungesema tulikukasirikia.

Nikawakaribisha ndani. Tukabanana mbele ya simu moja niliyoiegemeza kwenye gunia la chumvi.

Mnunuzi akauliza atajuaje kama maharagwe yamekauka. Wewe unajua dawa yake: unauma punje, unasikiliza. Papa Bauma akachukua punje, kisha akakumbuka kwamba meno ya mbele yalishamkimbia. Akampa mke wake. Mama Bauma akaisogelea simu kama anayetaka kuibusu, akauma. Ta! Mnunuzi akaomba punje ya gunia lingine, na ya lingine tena, na Mama Bauma akauma mpaka akasema huyu mutu wa Goma atamumaliza meno. Kabla ya saa sita tulikuwa tumekubaliana. Mkutano wa pili walibaki kwao. Papa Bauma aliufuata akiwa nyuma ya nyumba yake, karibu na mkaratusi, mahali pekee rezo ya simu inaposhika, na kuku wakipita mbele ya uso wake.

Sikudanganyi. Sauti inakatika, na simu haiwezi kutuwekea sahani moja ya ugali na sombe kama mnavyopenda ninyi wazee mkishapatana. Hilo limepotea, na mimi pia linaniuma.

Sasa niseme lile tunalolizunguka. Mwaka jana mdogo wangu Kasereka alipanda gari toka hapa kwenda Goma kwa mkutano wa saa moja. Wewe ulisema aende, mimi nikampa karatasi za kubeba. Alirudishwa toka kwenye kizuizi akiwa maiti. Sikulaumu, Papa, na naomba nawe usinilaumu. Lakini kila tunapofanya mkutano kama ule mbele ya gunia la chumvi, nakumbuka kwamba simu hii hata siku ile nilikuwa nayo mfukoni. Tulimzika hapa kwa sababu njia ya kumleta nyumbani ilikuwa imefungwa, na Mama Bauma alimlilia kama mtoto wa tumbo lake.

Nilipowaambia wakulima kwamba unakuja, Papa Bauma alisema:

— Ambia muzee abakie. Tutamuona mu simu, na heshima yake iko palepale. Tuliisha zika mutoto yake huku. Kuzika na baba, hatuna nguvu.

Mtoto kumwambia baba yake asifike kwake ni aibu, najua. Ni miaka minne sijakushika mkono, na hakuna siku nisiyotamani kukuona ukishuka garini mbele ya depo. Bado nasema usije. Alhamisi saa nne asubuhi, vaa koti lako, kaa sebuleni, Masika ashike simu. Wazee watakuwa tayari kwenye vilima vyao.

Nisalimie Mama, na kaka Paluku pale gereji. Msalimie shangazi Kavira wa vitenge, mwambie kile alichomtumia mke wangu, anakivaa kila Jumapili. Na Kahindo, mjane wa Kasereka, mwambie kaburi tunalipalilia sisi wenyewe.

La mwisho, ambalo kwako nadhani ndilo la kwanza. Siamini kwamba ni maharagwe yanayokuleta huku. Alhamisi, mkutano ukiisha na wengine wakiaga, wewe usizime. Nitatembea na simu mpaka nyuma ya kanisa, kwa Kasereka. Umwambie unachotaka kumwambia, mimi nitanyamaza. Jana nilikwenda kujaribu. Rezo inafika.

Mimi mwanao anayekungoja Alhamisi,

Kambale