Uwanja wa Kuanikia Mihogo

Jumamosi, 5 Julai
Nimerudi Visiga saa tisa. Sola ya zahanati ya kijiji cha Chole imekamilika: paneli nne juu ya bati, betri ndani, jokofu la chanjo linanguruma. Miezi mitatu ya Jumamosi zangu, bila malipo. Nilisoma kwa kibatari hadi nikawa injinia. Niliapa kurudisha fadhila.
Nesi Tatu alinikaribisha chakula, kama kawaida yake. Nikasema nina haraka, kama kawaida yangu. Haraka ya nini? Nimefika, nimefua soksi, nimekaa.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Ofisi imefungwa. Majirani wamekwenda maonyesho na watoto wao. Simu haijaita tangu asubuhi. Saa kumi nimeipiga kwa simu yangu ya pili, nione kama ni nzima. Ni nzima.

Alhamisi, 10 Julai
Leo imeita. Nesi Tatu. Betri zimekwisha, jokofu limezima, chanjo zote ni za kutupwa. Kina mama na vichanga vyao wamerudishwa. Mmoja alitembea tangu alfajiri. Nesi hakunilaumu. Afadhali angenitukana.
Nimerudia hesabu za umeme mara tatu. Ziko sawa. Sasa ni nini?

Jumamosi, 12 Julai
Nimekaa Chole hadi jioni kwa mara ya kwanza. Saa nane na nusu nikakiona: kivuli cha mkorosho kinapanda bati taratibu. Saa tisa paneli zote zimefunikwa. Miezi mitatu nimepima jua la asubuhi, saa sita nimeshaondoka. Injinia mzima! Masikio yaliniwaka kwa aibu.
Mkorosho ni wa Bi Mwajuma, jirani wa zahanati. Aliupanda marehemu mumewe, na umeanza kutoa maua. Nikamwamkia, nikamwomba tuukate. Akanitazama weee.
"Mwanangu, ungekubali kula nasi hata siku moja, hicho kivuli ungekiona."
Akaingia ndani.

Jumatano, 16 Julai
Nina hasira naye. Mkorosho mmoja, na watoto wote wale hawajachanjwa! Halafu hasira inanirudia mwenyewe. Najua volti za kila betri pale. Jina la mumewe silijui.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekula wali na kisamvu kwa Bi Mwajuma. Mumewe aliitwa Mzee Shomari. Habari ya mkorosho sikuigusa.
Tulipokwisha kunawa akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wake wa kuanikia mihogo. Peupe kabisa. Akasema hapo jua haliondoki mpaka lizame, yeye anaanika hapo tangu aolewe. Nichague kona, nisimike nguzo zangu. Mkorosho niuache.
Nikamshukuru, nikaanza kupima kona hapo hapo.

Jumamosi, 26 Julai
Paneli zimehamia uwanjani kwa Bi Mwajuma. Saa tisa kivuli kimetua juu ya bati tupu. Jokofu linanguruma. Chanjo mpya zinaletwa Jumanne, kina mama wameshaambiwa.
Nimekula, nimepiga soga, nimechelewa kuondoka. Visiga nimefika magharibi imeshaadhiniwa. Nyumba kimya, soksi kwenye kamba. Simu ikaita. Bi Mwajuma, kwa simu ya nesi. Alitaka tu kujua kama nimefika.
Tangu nihamie hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.